Kompyuta Haizeeki, Keateka Ndiye Huhama

Kuna kompyuta ya 1982 inayoweza kuwasha Linux. Siongelei mchezo uliochorwa ukafanana na Linux. Naongelea Linux yenyewe, ile Android ya simu yako imejengwa juu yake. Kompyuta inaitwa Commodore 64, na shida ni moja tu. Ukiiwasha Jumatatu asubuhi, kwa makadirio ya msee aliyeitengenezea hiyo programu, itamaliza kuwaka kama Jumatatu inayofuata. Wiki nzima, na uombe stima isipotee. Hapo hujafungua kitu, hata jina lako hujaandika. Ni kuwaka tu.

Hiyo kitu ilitoka 2023 na watu wakaicheka sana mtandaoni. Nilicheka pia, halafu swali likanibaki kichwani: kama mashine ya 1982 inaweza, mbona lapi ya 2016 inaambiwa haiwezi?

Tuanze na ukubwa ndio muelewe ni maajabu ya aina gani. Commodore 64 ina kilobaiti 64 za RAM, hapo ndipo jina lilitoka. Picha moja umetumiwa kwa WhatsApp inaweza kuwa na kilobaiti 200, kwa hivyo hata theluthi yake haitoshei. Simu ya RAM ya gigabaiti 4 inatosha kumeza RAM za Commodore 64 zaidi ya elfu 65. Prosesa, MOS 6510, inakimbia kwa megahezi 1 hivi. Ndani hakuna diski. Programu zilipakiwa kutoka kwa kaseti, hizi kaseti mzazi wako alikuwa anachezea rumba, au kutoka kwa flopi kama mlikuwa na doo.

Sasa Linux inatosheaje hapo? Haitoshei. Jamaa alifanya ujanja mara mbili. Kwanza alitegemea kumbukumbu ya ziada ya megabaiti 16 inayochomekwa kwa nyuma. Pili, Linux haiongei na Commodore moja kwa moja. Alichukua emuleta ndogo inaitwa semu, akaibadilisha, ndio Commodore ijifanye prosesa nyingine kabisa: RISC-V, muundo ulioanza 2010 huko chuo cha Berkeley, California. Linux inaamini iko kwa RISC-V. Kumbe chini yake kuna hako ka-6510 kanatafsiri kila amri moja kwa rundo la amri zake, kama mtu anasoma riwaya ya Kichina akifungua kamusi kwa kila neno. Atamaliza, lakini usimngoje na chai.

Na kuna mwenye wazimu zaidi. Dmitry Grinberg, 2024, alichukua Intel 4004, chipu ya 1971 iliyoundwa kwa ajili ya kikokotoo, akaifanya iwashe Linux kwa siku 4.76. Hiyo hata si kompyuta ya nyumbani.

Mimi naziita sarakasi, na sarakasi nazipenda. Lakini zinaonyesha kitu Alan Turing alithibitisha kwa hesabu tu mwaka wa 1936, kabla kompyuta za leo hazijakuwako: mashine ya aina hii inaweza kuiga nyingine yoyote, mradi uipe kumbukumbu na muda. Kwa hivyo mtu akikwambia mashine fulani "haiwezi" programu fulani, muulize anamaanisha nini hasa. Mara nyingi anamaanisha itakuwa polepole, ama hakuna mtu anataka kujisumbua. Hiyo ya pili ndiyo imenifanya niandike.

Kwanza tuelewane kuhusu OS. Slaidi za chuo nilichoacha zilisema mfumo endeshi ni programu inayosimamia rasilimali za tarakilishi. Nilikariri, nikapita mtihani, nikasahau. Venye naielewa leo, OS ni keateka wa ploti. Programu ni wapangaji. Keateka ndiye anajua nani yuko chumba gani, nani anafunguliwa maji saa hii, na nani ameleta noma atolewe. Mpangaji hagusi mita ya stima mwenyewe, anaomba keateka. Commodore 64 ilikuja na keateka mdogo sana, aliyechomwa ndani ya chipu ya ROM pamoja na lugha ya BASIC. Mchezo ukiingia ulikuwa unamsukuma kando na kuchukua ploti yote, mita na tangi la maji. Ndio maana michezo yake ilikuwa mikali hivyo kwa mashine ndogo hivyo.

Na mashine zenyewe zilikuwa nyingi balaa. Aliyezisukuma sokoni ni Jack Tramiel, Myahudi aliyezaliwa Łódź, Poland, mwaka wa 1928, akaponea Auschwitz, akafika Marekani na kuanza biashara kwa kurekebisha taipureta. Yeye alitaka kompyuta zifike kwa umma, sio kwa wadosi peke yao. Bei ilianza dola 595 ikaendelea kuteremka, kwa sababu Commodore ilimiliki kampuni ya kutengeneza chipu, MOS Technology, na haikuwa inabembeleza mtu. Makadirio ya zilizouzwa ni kati ya milioni 12.5 na milioni 17. Hizo ni sebule nyingi sana, na watoto wengi sana waliokua wakijua kila waya wa hiyo mashine.

Mmoja wa watu waliorudi kwa hiyo mashine ni Msweden anaitwa Adam Dunkels, mtafiti wa Swedish Institute of Computer Science. Mwaka wa 2003, Commodore ikiwa imefilisika miaka tisa, Dunkels akaiandikia Commodore 64 keateka mpya. Akamwita Contiki, kutoka kwa Kon-Tiki, chelezo cha magogo ambacho Thor Heyerdahl alivukia Pasifiki 1947 kutoka Peru hadi visiwa vya Polynesia. Jina linafaa kabisa. Unavuka bahari na kitu ambacho kila mtu amesema kitazama.

Contiki ilikuwa na madirisha. Ilikuwa inakimbiza programu kadhaa kwa wakati mmoja. Na hapa ndipo nilisimama nikasoma tena: ilikuwa na brauza, na seva ya wavuti. Ndani ya kilobaiti 64, bila kujifanya prosesa ingine, bila kungoja wiki. Watu wengi wa mitandao walichukulia kwamba TCP/IP, lugha ambayo kompyuta zote za intaneti huongea, ni mzigo wa mashine kubwa. Dunkels aliandika uIP, toleo lake linalotosha kilobaiti chache tu, na likaongea na intaneti kama lingine lolote.

Siri yake ni kwamba wapangaji wa Contiki hawana vyumba vyao. Kila programu inaamka kukiwa na kazi, inafanya kidogo, inaweka alama mahali imefikia, inalala, na nyingine inaamka kwa kitanda hicho hicho. Kama soja wa mchana na soja wa usiku wanaotumia kibanda kimoja. Kwa lapi ya kisasa, kila programu inapewa nafasi yake binafsi, na hiyo nafasi ndiyo hula RAM.

Ungedhani ni mchezo tu wa wazee wanaokumbuka utotoni. Lakini wakati huo huo watafiti walikuwa wanajaribu kuunganisha vitu vidogo kwa mtandao: sensa za joto, mita za umeme, taa za barabarani. Chipu za hivyo vitu zilikuwa na RAM kidogo kuliko hata Commodore 64. Keateka wa kuzisimamia alikuwa tayari ameshafanya mazoezi kwa kompyuta ya 1982. Contiki ikawa moja ya mifumo mikuu ya hicho kitu sasa kinaitwa intaneti ya vitu, na tawi lake, Contiki-NG, bado linaandikwa leo. Ukiniuliza, hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote nitataja hapa, hata kuliko Linux ya wiki nzima. Linux ya wiki nzima inakuonyesha kitu kinawezekana, Contiki ilipata kazi ikaenda job.

Njia ya tatu ndiyo ngumu zaidi: kumchukua keateka mkubwa, Linux, bila kumpunguza na bila emuleta, na kumhamishia kwa kompyuta ya nyumbani ya zamani. Hapa tunahamia kwa mashine ingine ya Commodore, Amiga, na kwa Linus Torvalds kidogo.

Torvalds alikulia Helsinki. Kompyuta yake ya kwanza ilikuwa ya babu yake, profesa wa takwimu: VIC-20, ndugu mkubwa wa Commodore 64. Baadaye akanunua Sinclair QL, mashine ya Uingereza ambayo haikuwa na soko Ufini, na programu zake zilikuwa ngumu kupata. Kwa hivyo akajiandikia zake. Naamini hapo ndipo Linux ilianzia kwa kweli: kijana ana kompyuta ambayo hakuna duka linaijali. Januari 1991 akapata PC yenye chipu ya Intel 386, na Agosti akatangaza anaandika OS, akasema wazi kwamba imefungwa kwa 386 na haihamishiki.

Watu wa Amiga hawakuskia hiyo sehemu. Mashine yao ilikuwa imetoka 1985 na chipu ya Motorola 68000, na keateka wake, AmigaOS, aliweza kukimbiza programu nyingi pamoja wakati PC nyingi zilikuwa zinafanya kitu kimoja. Lakini vyumba havikuwa na kufuli. Programu moja ikichizi, ilikuwa inaweza kuingia kwa mwenzake na kuvuruga kila kitu, halafu skrini inakuonyesha kisanduku chekundu kimeandikwa Guru Meditation. Jina tamu, matokeo machungu. Linux inataka kufuli, na kufuli hizo ni kipande cha chipu kinaitwa MMU. Amiga 500 ya 1987, ile ya watu wa kawaida, haikuwa nacho. Amiga 3000 ya 1990, yenye 68030, ilikuwa nacho. Kwa hivyo tuwe wakweli, safari hiyo ilikuwa ya wenye mashine ghali au wenye pesa ya kadi ya kuongeza prosesa.

Kazi ilianza kama 1993, na ikawa mara ya kwanza Linux inatoka kwa chipu za Intel. Aprili 1994 Commodore ikafilisika. Hebu jiweke hapo: umetumia akiba yako yote kwa mashine, na mwenye ploti ametoroka na funguo. Miezi sita baadaye, Oktoba 1994, mfumo mwingine huru, NetBSD, ukatoa toleo 1.0, na Amiga ilikuwa ndani. Linux 2.0 ya 1996 ikaingiza msimbo wa hizo chipu za Motorola rasmi. Kompyuta ambazo kampuni yao ilikuwa imekufa zikawa na OS mpya kuliko ofisi nyingi.

Halafu kuna Debian, na hii sehemu huwa haisimuliwi vya kutosha. Julai 1998 Debian 2.0 ilitoka kwa aina mbili tu za prosesa: PC za Intel, na hizi Motorola za akina Amiga na Atari. Shida ikawa mwendo. Debian ni maelfu ya vifurushi vya programu, na kila kimoja lazima kijengwe upya kwa kila aina ya prosesa. Kifurushi ambacho PC ilimaliza ukienda kununua mandazi, Amiga ilikaa nacho masaa. Mashine moja isingeweza kamwe. Kwa hivyo watu wa m68k, ndivyo hilo kundi linaitwa, wakatengeneza mfumo wa kugawana kazi: foleni moja, mashine nyingi zimetawanyika kwa nyumba za watu, kila moja inachukua kifurushi kinachofuata, inajenga, inarudisha, inachukua kingine. Mfumo huo unaitwa buildd. Prosesa zingine zilipoingia Debian, zikautumia pia. Mpaka leo ndivyo Debian hujengwa. Ulitokana na unyonge wa mashine za zamani, kwa sababu wenye PC za kasi hawakuwa na haja ya kuuwaza.

Mwaka wa 2007, Debian 4.0 ilitoka bila m68k, kwa sababu haikuweza tena kukimbizana na zingine. Wangeachana nayo hapo, sawa? Hawakuachana. Wakahamia kando, kwa kitengo cha Debian Ports, na siku hizi wanajijengea vifurushi kwa emuleta iliyo kwa mashine mpya na za kasi. NetBSD 10 ya 2024 bado ina toleo la Amiga.

Linganisha na 386. Hiyo ndiyo chipu Linux ilizaliwa ndani yake. Desemba 2012 watengenezaji wa Linux walitoa msimbo wake, na kuanzia Linux 3.8, iliyotoka Februari 2013, huwezi kuwasha Linux mpya kwa 386. Torvalds mwenyewe alikubali bila kulia. Sababu ilikuwa ya haki: 386 haikuwa na amri fulani ambazo chipu zilizofuata zilikuwa nazo, na kila aliyebadilisha sehemu hizo za Linux alilazimika kubeba mzigo wake, wakati karibu hakuna aliyeitumia. Ingia kwa msimbo wa Linux leo na utakuta Amiga, ambayo kampuni yake ilikufa 1994, bado iko, na anayeisimamia anapokea marekebisho. 386 haiko. Umri wao ni ule ule wa miaka ya themanini. Tofauti ni kwamba kwa Amiga kuna mtu alikataa kuhama.

Sitaki kuwauzia ndoto lakini. Kumweka keateka kwa ploti ya zamani ni kazi ya mtu, masaa ya usiku, bila mshahara mara nyingi. Debian yenyewe, Agosti 2025, ilitoa toleo 13 bila kisakinishi cha PC za biti 32. Watu wanachoka. Na kwa mashine ya zamani kweli, OS mpya si lazima iwe ndiyo nzuri kwake. Amiga na AmigaOS yake inaruka, na Linux inatambaa. Mtu anayekwambia kila mashine yafaa kuwekewa kitu kipya hajawahi kungoja Linux kwa 68030.

Sasa turudi town. 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha kuongezewa mwaka mmoja wa marekebisho ya usalama. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo kwa orodha yao, na kwa Intel orodha hiyo inaanzia karibu kizazi cha 8. HP EliteBook 840 G3, hizi ex-UK zimejaa kila duka la lapi Nairobi, ina Core i5 ya kizazi cha 6. Haimo. Iko na RAM ya gigabaiti 8, ambayo ni mara mbili ya ile Windows 11 yenyewe inasema inatosha. Nguvu haina shida hapo. Kuna mtu ameketi mahali akachora mstari, na sababu za usalama alizotoa si uongo, TPM inafanya kazi ya maana. Lakini kuchora mstari na kuzeeka ni vitu viwili.

Kinachoniuma ni venye huo mstari unasomwa huku. Wenye ofisi za Ulaya wakisikia "haiwezi Windows 11", wanatupa, na nyingi ya hizo zinaishia kwa kontena hadi huku. Bei inashuka, poa, mwanafunzi ananunua. Halafu fundi mmoja anamwambia hiyo imekufa, ongeza elfu kumi na tano nikupe ingine. Nimeskia hayo maneno kwa masikio yangu, kuhusu lapi iliyokuwa inacheza video bila kukwama pale pale juu ya meza yake. Kama angekuwa amesema "mwenye OS ameacha kuitunza, tafuta keateka mwingine," ningemheshimu.

Na keateka wengine wako, bure. Debian, Linux Mint, Lubuntu kama RAM ni gigabaiti 4. Utakosa vitu: Adobe haiko, michezo mingine inakataa ikigundua ni Linux, na printa ya cyber yenu inaweza kukusumbua jioni nzima. Mimi na-edit kwa Kdenlive, na si kwa sababu ni bora kuliko zingine zote. Ni kwa sababu inafanya kazi na hakuna anayenitumia bili.

Hii nimeiandikia kwa 840 G3. Iko na Debian. Wiki iliyopita ilisasisha vifurushi 41 nikiwa nachemsha maji ya chai.

Kama uko na lapi umeambiwa imekufa, usiiuze kwa vipuri bado. Niandikieni modeli, prosesa ni kizazi gani, na RAM ni ngapi. Wikendi nitawajibu ni keateka yupi mjaribu kwanza, na ikiwa kweli ni ya kutupwa nitasema pia.